Video Inagoma? Anza na Vitufe Vidogo

Maharusi wengi wa Mwanza hupigwa video zinazofanana: Jiwe la Bismarck nyuma yao, upepo wa ziwa unavuta shela, kisha msafara wa magari hadi ukumbini. Matatizo yanayofika kwenye kompyuta ya mhariri baada ya hapo nayo yanafanana. Sauti imeachana na midomo. Klipu zimegeuka nyekundu. Video ya saa mbili imekataa kuingia kwenye flashi, na mama mzazi wa bibi harusi anapiga simu kila jioni.

Nikisikiliza malalamiko ya wahariri wenzangu, sehemu kubwa si ubovu wa programu wala wa mashine. Ni kitufe kidogo kilichobonyezwa bila kukusudia, au kitufe kidogo ambacho kingemaliza kazi lakini hakuna aliyewahi kumwonyesha mhariri. Kwa hiyo nimepanga mambo kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu inayotokea sana inatangulia. Nitataja zaidi programu mbili za kuhariri video, Premiere Pro na DaVinci Resolve. Wa CapCut watakuta mengi yanawahusu, isipokuwa majina ya vitufe.

Kabla hujagusa chochote, hifadhi mradi kwa jina jingine. Kama unao «harusi_nyegezi», uwe na «harusi_nyegezi_02», na majaribio yote yafanyike kwenye huo wa pili. Baada ya hapo bonyeza Ctrl+Z mara kadhaa huku ukiangalia taimulaini, ule ukanda unapopanga klipu, maana mara nyingi tatizo linarudi lilikotoka mbele ya macho yako na unajua ni hatua gani ililileta.

SAUTI NA MIDOMO HAVIENDI PAMOJA

Hili ndilo linaloongoza, kwa hiyo tukae nalo. Usianze kuburuta sauti kwa kubahatisha. Jiulize kwanza: pengo liko sawa tangu mwanzo hadi mwisho, au mwanzoni liko sawa kisha linaongezeka kadiri video inavyokwenda? Jibu linakupeleka kwenye sababu tofauti kabisa.

Pengo likiwa sawa mwanzo mwisho, angalia namba nyekundu kwenye klipu. Premiere na Resolve zote huonyesha namba ndogo nyekundu picha na sauti za klipu moja zinapoachana, na namba hiyo inakuambia zimeachana kwa kiasi gani. Kwenye Premiere bonyeza kulia juu ya namba yenyewe, chagua «Move into Sync», kazi imekwisha. Chanzo chake huwa kitufe cha mnyororo kilicho juu ya taimulaini. Kikizimwa, picha na sauti zinakuwa wapangaji wawili wa nyumba moja: ukimhamisha huyu, yule anabaki. Kwenye Resolve mnyororo huo huwashwa na kuzimwa kwa Ctrl+Shift+L, na vidole vya mtu mwenye haraka huugusa bila yeye kujua. Kama unataka kuchagua sauti peke yake kwa muda mfupi, usizime mnyororo. Shikilia Alt kisha bofya sauti. Ukiachia, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa.

Kama hakuna namba nyekundu na kila klipu kwenye kila mradi inachelewa vilevile, vua hizo hedifoni za Bluetooth. Sauti inayopita hewani inachelewa kufika sikioni, na mhariri anaanza kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika. Chomeka hedifoni za waya au sikiliza kwa spika za kompyuta kabla hujasogeza fremu (picha moja kati ya zinazounda video) hata moja. Nimeona kazi nzuri ikiharibiwa hivi: mtu kasogeza sauti ya sherehe nzima, mteja akafungua kwenye runinga akaona sauti inatangulia midomo.

Pengo likiwa linaongezeka polepole, mshukiwa wa kwanza ni simu. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilika: mwanga ukipungua au simu ikipata joto, idadi ya fremu kwa sekunde inashuka kidogo kisha inapanda. Programu ya kuhariri inapenda kasi isiyobadilika. Thibitisha kwa MediaInfo, programu ndogo ya bure. Ikikuandikia kwamba kasi ya fremu ni «Variable», umempata. Dawa yake ni HandBrake, nayo ya bure: fungua faili, nenda sehemu ya Video, chagua «Constant Framerate», andika 25 au 30 kulingana na mradi, kisha tumia faili jipya badala ya lile la simu. Ifanye kazi hii kabla ya kuanza kuhariri. Kuifanya katikati ya kazi inawezekana, ila utasema maneno ambayo mchungaji hapaswi kuyasikia.

Mshukiwa wa pili ni kinasa sauti kilichochomekwa kwenye mikisa ya MC au ya kanisa. Saa ya ndani ya kinasa na saa ya ndani ya kamera hazilingani kabisa. Kwa hotuba ya dakika tano huoni kitu, lakini kwa misa ndefu au mahafali ya chuo yanayochukua nusu siku, mwishoni utaona fremu kadhaa za tofauti. Kata sauti mahali ambapo hakuna anayezungumza, kwa mfano watu wanapopiga makofi au wakisubiri mgeni rasmi asimame, halafu sogeza kipande kinachofuata. Usihangaike kulinganisha kwa macho tangu mwanzo. Premiere ina «Synchronize» na Resolve ina kulinganisha kwa mawimbi ya sauti. Chagua klipu ya kamera na faili la kinasa, iambie ifuate sauti, nayo inazipanga. Inahitaji jambo moja: kamera nayo iwe imerekodi sauti, hata kama ni mbaya.

Wanaorekodi kwaya wanalijua hili. Wimbo wa studio unapigwa kwenye spika, wanakwaya wanaigiza kuimba juu ya mawe ya ziwani, na mhariri anafuta sauti ya kamera siku ya kwanza kwa sababu «haina kazi». Ina kazi. Ndiyo dira ya kupanga kila pigo la kamera, yaani kila klipu iliyorekodiwa, chini ya wimbo. Ifunge isisikike, lakini usiifute mpaka umalize. Na kama kuna mapigo yaliyorekodiwa kwa fremu 50 kwa sekunde na kupunguzwa mwendo kuwa 25, midomo haitafuata wimbo hata ufanyeje, labda kama wimbo ulipigwa kwa kasi mara mbili wakati wa kurekodi. Yatumie mapigo hayo kwa mikono, miguu na mawimbi.

Sababu ya mwisho, ambayo siku hizi ni nadra, ni faili la sauti la 44.1 kHz kusomwa kama la 48 kHz. Utaijua haraka kwa sababu sauti za watu zinapanda kidogo na hotuba inaisha mapema. Igeuze kuwa 48 kHz kwa programu ya sauti, kisha iingize upya.

SAUTI INASIKIKA SIKIO MOJA

Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye tai huingia upande mmoja tu wa kamera. Hakuna kilichoharibika. Kwenye Premiere tafuta athari iitwayo «Fill Right with Left» na uidondoshe juu ya klipu. Kwenye Resolve bonyeza kulia klipu ikiwa bado kwenye hazina ya faili, fungua «Clip Attributes», sehemu ya Audio, kisha elekeza pande zote mbili kwenye chaneli ya kwanza. Fanya hivyo kabla ya kuiweka kwenye taimulaini, usije ukarudia kwa kila kipande ulichokata. Kama upande wa pili una mlio tu wa umeme, waya ndio mbovu, na hilo ni la fundi wa waya.

Kuhusu mvumo wa upepo: kwenye kivuko cha Kamanga, Capri Point au mwalo wa Kirumba, upepo hupiga maikrofoni na kutoa ngurumo nzito chini ya sauti ya mtu. Weka kichujio cha kukata sauti nzito, «Highpass» kwenye Premiere au kitufe cha kwanza cha EQ kwenye Resolve, na kianzie kati ya 80 na 100 Hz. Ngurumo itapungua bila kuharibu sauti ya msemaji. Resolve inayo pia «Voice Isolation» inayofanya maajabu, ila ni ya toleo la kulipia. Sasa angalia mawimbi ya sauti: kama vilele vimekatwa bapa kama meza, maikrofoni ilizidiwa pale pale, na hakuna kitufe kitakachorudisha kilichopotea. Mwambie mteja mapema, weka muziki, endelea.

PICHA INAKWAMAKWAMA

Tenganisha mambo mawili. Inakwama unapohariri tu, au inakwama hata kwenye faili lililokwisha kutoka?

Inapokwama wakati wa kuhariri tu, chomeka chaja. Sifanyi mzaha, laptop nyingi hupunguza nguvu zikiwa kwenye betri, na kadi ya picha ndiyo ya kwanza kupunguziwa. Halafu shusha ubora wa kuchezea: chini ya kioo cha kuangalizia kwenye Premiere kuna orodha ndogo ya Full, 1/2 na 1/4, Resolve inayo kwenye menyu ya Playback. Video ya mwisho haiguswi, unapunguza tu kile unachoonyeshwa sasa.

Haikusaidia? Angalia aina ya faili. Simu mpya na ndege zisizo na rubani hurekodi kwa H.265, kodeki inayobana sana na kuitesa kompyuta ya wastani wakati wa kuifungua. Hapa ndipo proksi zinapoingia, na ni kipengele ambacho watu wengi wanapita juu yake kila siku. Chagua klipu zote, bonyeza kulia, tengeneza proksi, nenda kanywe chai. Programu inatengeneza nakala nyepesi na kukuharirisha kwa hizo, halafu wakati wa kurenda, yaani kutoa video ya mwisho, inarudi yenyewe kwenye faili halisi, ilimradi hujaweka alama mahali panaposema itumie proksi. Hakikisha alama hiyo haipo. Video iliyotoka na ukungu kama imepigwa nyuma ya chandarua kwa kawaida imerendwa kwa proksi. Kwa wenye iPhone, siku nyingine ingia Settings, Camera, Formats, chagua «Most Compatible» na tatizo hili litakupungukia kuanzia kwenye chanzo.

Baada ya hapo angalia unakohifadhi. Kuhariri moja kwa moja kutoka kwenye flashi au memori kadi ni kujitafutia taabu, nakili kwanza. Kisha angalia diski C. Premiere na Resolve hujaza akiba zao za muda kimyakimya, na diski ikifika ukingoni kila kitu kinakuwa kizito na programu inaanza kujifunga. Premiere ina sehemu ya Media Cache ndani ya Preferences yenye kitufe cha kufuta. Resolve ina kufuta Render Cache kwenye menyu ya Playback. Video zako halisi haziguswi, ila programu itachukua muda kujenga upya akiba hiyo.

Resolve ikikuandikia kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imejaa, funga kivinjari na michezo, shusha taimulaini kutoka 4K hadi 1080, uone. Ikiendelea, sasisha draiva, programu inayoendesha kadi hiyo. Wenye kadi ya NVIDIA wachague draiva ya Studio badala ya ile ya wacheza michezo.

Simama hapa kama kompyuta inajizima yenyewe katikati ya kazi na sehemu ya chini ni ya moto. Feni imejaa vumbi au gundi ya kupooza imekauka. Vibanda vyetu vya bati saa nane mchana haviisaidii. Kufungua laptop ili kubadilisha gundi ni kazi ya fundi, hasa zile nyembamba ambazo betri imelala juu ya kila skrubu. Na kama betri imevimba hadi kibodi imeinuka, zima, chomoa chaja, usiibonyeze irudi, ipeleke.

Inapokwama kwenye faili lililotoka, basi umechanganya kasi za fremu: kamera ya 25, simu ya 30, mradi mmoja. Amua kasi kabla ya kuanza. Resolve haikuruhusu kubadilisha kasi ya taimulaini ukishaanza kazi juu yake, na watu huigundua sheria hiyo siku ya kukabidhi. Njia ya kutokea ni kufungua taimulaini mpya yenye kasi sahihi na kunakili kila kitu humo, kisha kupitia sehemu ambapo klipu zinakutana, moja moja.

KLIPU ZOTE ZIMEGEUKA NYEKUNDU

Ujumbe wa «Media Offline» huwatoa watu jasho, lakini faili nyingi za namna hii hazijapotea. Programu haina video ndani yake, ina anwani tu. Anwani ikibadilika, inakuonyesha wekundu.

Sababu inayoongoza: klipu ziliburutwa moja kwa moja kutoka kwenye memori kadi, na kadi sasa iko kwenye kamera huko Ukerewe na mwenzako. Irudishe kadi, nakili folda nzima kwenye diski, kisha unganisha upya. Inayofuata: diski ya nje imepewa herufi nyingine na Windows, jana ilikuwa E, leo F. Ukifungua Disk Management unaweza kuirudishia herufi yake, na wekundu wote unatoweka bila kugusa mradi. Ya tatu: mtu amebadilisha jina la folda ili «kupanga vizuri».

Kuunganisha upya, Premiere hutumia «Link Media» na Resolve «Relink Selected Clips». Ielekeze kwenye faili moja tu. Kama mengine yako folda hiyo hiyo, yatajipata yenyewe. Klipu ikirudi lakini picha ni ya harusi nyingine, ni kwa sababu kamera zilianza kuhesabu upya na sasa una faili mbili zenye jina moja. Kila kazi ipewe folda yake, na kila kadi folda ndani yake.

Watumiaji wa Linux wana jambo lao: Resolve ya bure kwenye Linux haifungui H.264 wala H.265. Klipu inaingia bila picha au haiingii kabisa. Faili ni zima, toleo ndilo halina ruhusa. Geuza faili kwanza kuwa DNxHR, kodeki ambayo toleo hilo linaifungua, au hariri kwa Kdenlive, programu nyingine ya bure.

NIKIKATA HAPA, KULE KUNAHAMA

Hapa hakuna hata kimoja kilichoharibika, ni tabia za vitufe.

Kwenye Resolve, Delete hufuta kipande na kuziba pengo, wakati Backspace hufuta na kuacha pengo. Mtu aliyetoka Premiere anabonyeza Delete kwa mazoea, na muziki wote wa keki unasogea hadi kwenye zawadi. Kwenye Premiere ni kinyume: Delete huacha pengo, Shift+Delete huliziba. Chagua programu moja uizoee, au badilisha vitufe kwenye mipangilio ya kibodi. Zote mbili zinaruhusu.

Kama umeziba pengo na baadhi ya traki (mistari ya picha na sauti kwenye taimulaini) hazikufuata, angalia alama ndogo ya kufunga pamoja kwenye kichwa cha kila traki, «Sync Lock» kwa Premiere. Zikiwa zimewashwa traki zinasogea kwa pamoja. Traki ya muziki unaotaka ubaki palepale, izimie alama hiyo. Traki yenye kufuli haisogei wala kukatwa, na hiyo ndiyo sababu ya malalamiko ya «mkasi haukati».

Klipu mpya inafunika ya zamani? Kwenye Premiere kuburuta kawaida ni kufunika. Shikilia Ctrl unapoachia, itaingia katikati na kusukuma nyingine mbele. Kwenye Resolve, F9 huingiza na F10 hufunika. Klipu zinarukaruka na kugandana unapojaribu kuzisogeza kidogo? Sumaku imewashwa: S kwa Premiere, N kwa Resolve. Ukiona mmweko wa weusi wa fremu moja kati ya klipu mbili, basi uliifanya kazi sumaku ikiwa imezimwa. Usiwinde mapengo hayo kwa macho, «Close Gap» ya Premiere na «Delete Gaps» ya Resolve huyafuta yote kwa mpigo mmoja. Tumia kwenye nakala ya mradi, kwani kama uliacha mapengo ya makusudi nayo yataondoka.

Kuna pia wale wanaopiga simu kusema vidirisha vimepotea na imebaki picha kubwa tu. Kwenye Premiere kidole kimegusa kitufe cha alama ya wimbi, pembeni ya namba 1. Kiguse tena. Kama mpangilio umevurugika kweli, Premiere ina kurejesha «Workspace» kwenye menyu ya Window, na Resolve ina «Reset UI Layout». Vitufe vya mkato vikigoma vyote, bofya kwanza ndani ya taimulaini. Kidirisha chenye mstari wa rangi kuzunguka ndicho kinachosikiliza. Wa After Effects waangalie Caps Lock. Ikiwaka, picha haijisasishi, na watu wameshaondoa programu na kuiweka upya kwa ajili ya taa hiyo moja.

VIDEO IMETOKA FUPI, INA WEUSI MWISHONI, AU HAITOKI KABISA

Imetoka fupi: kuna alama za kuingia na kutoka ulizoziweka kwa I na O ulipokuwa unajaribu kipande. Ziondoe kwa Ctrl+Shift+X kwenye Premiere au Alt+X kwenye Resolve.

Ina weusi wa dakika ishirini mwishoni: kuna kipande kidogo kimeachwa mbali kulia. Punguza ukubwa wa taimulaini hadi uione yote, nenda mwisho, kifute.

Inatoka na vipande vya kijani au mistari iliyovunjika: badilisha kutoka «Hardware Encoding» kwenda «Software Encoding». Itachukua muda mrefu zaidi lakini mara nyingi inatoka safi. Inakwama kila mara kwenye asilimia ileile: nenda kwenye sehemu hiyo ya taimulaini, angalia klipu au athari iliyopo, izime, jaribu tena. Klipu moja iliyonakiliwa vibaya inatosha kuzuia filamu nzima.

Imetoka vizuri ila haiingii kwenye flashi ya mteja, ingawa flashi ni ya 32 GB na iko tupu. Flashi hiyo ina mfumo wa FAT32, usiopokea faili moja linalozidi 4 GB. Piga hesabu kabla ya kurenda: kwa 8 Mbps, kiwango kinachotosha kwa 1080, kila sekunde ni megabaiti moja, saa moja ni kama 3.6 GB. Sherehe ya saa mbili haitoshi. Unaweza kuifomati flashi kuwa exFAT, ambayo haina kikomo hicho, lakini runinga za zamani huenda zisiisome. Mimi hugawa video sehemu mbili, kanisani na ukumbini, kila moja chini ya 4 GB, na inachezeka kwa bibi kijijini Magu bila simu ya malalamiko.

Mteja akisema video imekuwa na ukungu kwenye WhatsApp, imetumwa kama video na WhatsApp imeibana. Itume kama hati, hapo inapokea hadi 2 GB bila kugusa ubora.

TAA ZINAWAKAWAKA KWENYE PICHA

Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyowekwa shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/60 ya sekunde haiendani nazo, ndipo mikanda ya giza inapopita polepole juu ya sura ya bwana harusi. Tiba ni wakati wa kupiga: fremu 25, shata 1/50 au 1/100. Jenereta ndogo likiyumba, hata hiyo inaweza isitoshe. Ikishatokea, Resolve ya kulipia ina «Deflicker». Toleo la bure halina, na njia za kubahatisha zilizobaki huacha ukungu kwenye kila kinachotembea. Kama ni hotuba, funika kwa picha za wageni.

UMEME UMEKATIKA NA MRADI HAUFUNGUKI

Usifungue lile faili lililokwama mara kumi. Premiere huweka nakala kwenye folda ya Auto-Save, karibu na mradi wenyewe. Chukua ya mwisho, inakili nje ya folda hiyo, fungua nakala. Kwenye Resolve nenda kwenye orodha ya miradi, bonyeza kulia, chagua «Project Backups». Kama hukuwahi kuwasha nakala hizo ndani ya Preferences, ziwashe leo, kila dakika kumi, na zielekeze kwenye diski tofauti na ile ya video.

KADI AU DISKI IMEKATAA KUSOMEKA

Hapa mambo ya vitufe yamekwisha, na kila unachojaribu kinaweza kupunguza nafasi ya kuokoa.

Windows ikikuuliza kama unataka kuifomati kadi, jibu ni hapana. Usirekodi tena juu yake, usiirudishe kwenye kamera. Jaribu kisomaji kingine na kompyuta nyingine, kwa sababu visomaji vya bei ndogo hufa kabla ya kadi. Ikionekana, nakili kwanza, maswali baadaye. Isipoonekana faili lakini kadi yenyewe inatambulika, programu ya bure iitwayo PhotoRec inaweza kuchimba video zilizomo, mradi uiambie iweke inachokipata kwenye diski nyingine.

Diski ya nje ikitoa mlio wa tik, tik, tik, ichomoe. Usiendeshe ukaguzi wa diski wa Windows, usiigonge, usiiweke kwenye friji kama wanavyosema watu wa mtaani. Ni kichwa cha kusomea kimeharibika, na kila mzunguko unaweza kuchuna sahani. Ipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data, na muulize mapema kama anaifungua mwenyewe hapohapo mezani. Akisema ndiyo, kwenye meza yenye vumbi, ondoka na diski yako. Vivyo hivyo kwa laptop iliyomwagikiwa maji kwenye boti: izime, toa chaja, usijaribu kuiwasha «kuona kama imepona».

Mwandikie fundi kwenye karatasi: aina ya kamera, ukubwa wa kadi, mara ya mwisho iliposomeka, na kila ulichojaribu, hata kile unachokionea aibu. Kadi za SD zina kiswichi kidogo ubavuni. Kisukume upande wa Lock kabla hujaikabidhi kwa mtu yeyote. MicroSD hazinacho, basi ziweke kwenye adapta yake na ufunge cha adapta.